NI JINI AU NI UGONJWA? HISTORIA YA KIFAFA, KUTOKA LUTINDI HADI KIPIMO CHA UMEME WA UBONGO

Bismillahi Rahmani Rahim.



Somo la leo ni refu. Kama huna nafasi sasa, lihifadhi ulisome usiku ukitulia. Ila usiliache, kwa sababu katika kila mtaa wa Korogwe na kila kijiji cha Handeni kuna nyumba moja linayoihusu, na huenda ni nyumba yako.

Wiki iliyopita, baada ya darasa la Alasiri pale Korogwe, mama mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Ametoka upande wa Handeni, amepanda gari alfajiri. Ana kijana wa miaka kumi na minne anayeanguka kifafa tangu akiwa mdogo. Amekunywa dawa ya kwanza, akaongezewa ya pili, bado anaanguka. Sasa daktari amemwambia kijana akapimwe umeme wa ubongo, na ametaja kwamba kuna wagonjwa wengine ambao hupasuliwa kichwa wakapona. Yule mama akaniuliza: "Shekhe, mwanangu ana jini au ana ugonjwa? Na huo umeme wakimtia kichwani, si ndiyo watammaliza?"

Nikamwambia, mama yangu, nipe siku chache. Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha. Nilishawahi kubahatisha katika jambo hili, na kuna mtu alilipa.

Nitawaeleza mwishoni. Kwanza tujifunze.

*1. KABLA YA MADAKTARI WA ULAYA*

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kisa ambacho Ibn Abbas (R.A.) alimsimulia mwanafunzi wake Ataa bin Abi Rabah. Alimwonesha mwanamke mmoja mweusi, akamwambia kwamba huyu ni katika watu wa Peponi. Kisa chake ni kwamba alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa huanguka kifafa, na akianguka nguo humfunuka, basi amwombee kwa Allah. Mtume (S.A.W.) akampa hiari: akitaka asubiri na malipo yake ni Pepo, au akitaka aombewe apone. Akachagua kusubiri, lakini akaomba dua moja tu, kwamba asifunuke. Akaombewa.

Tazameni mambo matatu hapo. Hakufukuzwa. Hakuulizwa amefanya dhambi gani. Na jambo lililomuumiza zaidi lilikuwa heshima yake mbele za watu, na Mtume (S.A.W.) akalichukulia kwa uzito uleule aliouchukulia yeye.

Sasa wako wanaosema: si unaona, alihimizwa asubiri, basi dawa ya nini? Hapana. Huyo alipewa hiari na Mtume mwenyewe, pamoja na ahadi ya Pepo. Mwanao hujapewa ahadi hiyo. Na Mtume huyohuyo (S.A.W.), katika hadithi ya Usama bin Shariki waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, aliwaambia Mabedui waliomuuliza kuhusu matibabu kwamba wajitibu, kwa kuwa Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee.

Wanazuoni wetu na matabibu wetu hawakulala. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki mwaka 1037, aliyaeleza maradhi haya katika Qanun yake kama maradhi ya ubongo. Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013, katika kitabu chake cha tiba aliandika hata namna ya kuwachoma kwa chuma cha moto baadhi ya wenye kifafa, kwa elimu ya zama zake. Na Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alisema wazi kwamba kuanguka ni kwa namna mbili: kuna kunakotokana na roho chafu, na kuna kunakotokana na mabadiliko ndani ya mwili, na hiyo ya pili ndiyo matabibu wanayoizungumzia na kuitibu.

Kwa hiyo anayekwambia kwamba Uislamu unasema kila anayeanguka ana jini, amekusomea nusu ya ukurasa. Sisi hatukanushi majini, Qur'an imewataja. Tunachokataa ni kumpa jini kesi ambayo hatujaichunguza.

*2. NYUMBA ILIYO JUU YA MLIMA*

Watu wa Korogwe wanaijua Lutindi, lakini wachache wanaijua historia yake.

Lutindi iko juu katika milima ya Usambara, ndani ya wilaya ya Korogwe. Ilianza mwaka 1896, wakati wa Wajerumani, kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Kumbukeni njia za misafara ya watumwa zilikuwa zikipita nchi hii yetu kuteremkia Pangani na pwani. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa bado kufika Korogwe, ilifika mwaka 1902. Mwaka 1904 yale makao yakageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa katika Afrika Mashariki. Mirembe ya Dodoma ilikuja baadaye, katika miaka ya 1920.

Waliokuja kuiendesha walitoka Bethel, katika mji wa Bielefeld, Ujerumani. Na Bethel ni nini? Ni taasisi iliyoanzishwa mwaka 1867 mahsusi kwa ajili ya watu wenye kifafa. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliichukua mwaka 1872, ikakua ikawa kama mji mzima. Kwa hiyo uhusiano wa milima yetu na elimu ya kifafa duniani una zaidi ya miaka 120.

Sasa jiulize: mwaka 1904 mgonjwa wa kifafa angepata nini? Angepata mahali pa kulala, chakula, kazi ya mikono na watu wa kumwangalia asiungue. Dawa iliyokuwapo Ulaya ilikuwa bromaidi, iliyoanza kutumika London mwaka 1857, na ilimfanya mgonjwa awe mzito, mwenye usingizi, na vipele mwilini. Fenobabitoni, kile kidonge ambacho wengi wenu mnakijua, ilikuwa haijagunduliwa kwa kazi hii. Iligunduliwa mwaka 1912 na daktari kijana wa Kijerumani, Alfred Hauptmann.

Na tuseme ukweli wote. Huko Ujerumani kulitokea uovu mkubwa. Sheria ya Julai 1933 ya utawala wa Hitler iliwaweka wenye kifafa cha kurithi katika orodha ya watu wa kuondolewa uzazi kwa nguvu, na wagonjwa wa Bethel nao walifanyiwa hivyo. Nasema haya ili tusidhani kwamba wenye elimu hawawezi kudhulumu. Elimu isiyo na kumcha Mungu hukata pasipotakiwa. Lakini pia ujinga unaojifunika kanzu hudhulumu, na huo ni wetu.

Leo Lutindi iko chini ya Kanisa la Kilutheri, na inahudumia wenye maradhi ya akili na wenye kifafa, Waislamu na Wakristo. Nawajua wazee waliokataa kumpeleka mgonjwa huko wakiogopa atabadilishwa dini. Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) alipohama kutoka Makka kwenda Madina, roho yake na ya Abu Bakr (R.A.) zikiwindwa, aliyewaonesha njia jangwani alikuwa Abdullah bin Urayqit, mshirikina, aliyekodiwa kwa sababu aliijua njia na alikuwa mwaminifu. Tunamfuata Mtume au tunafuata hofu zetu?

*3. MAHENGE, NA VIDONGE VILIVYOSHINDA HOFU*

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa Mahenge, katika milima ya Ulanga. Alichokikuta huko ndicho tunachokikuta Kwamatuku, Sindeni na Mombo. Watu wakiamini kwamba povu la mgonjwa linaambukiza. Mtu akianguka motoni, wenzake wakiogopa kumshika. Wagonjwa wenye makovu ya moto, wanaokula peke yao, wasioolewa wala kuoa.

Akaanza kuwapa fenobabitoni. Wengi wakapungukiwa na kuanguka, wengine wakaacha kabisa, na watu wakaanza kuteremka kutoka vijijini bila kuitwa. Mwaka 1992 watafiti wakiongozwa na Dk. Rwiza walichapisha uchunguzi wa wilaya hiyohiyo ya Ulanga, wakakuta karibu watu 10 katika kila 1,000 wana kifafa. Ukichukua kata yenye watu 10,000, kwa kiasi hicho, ni watu 100. Wako wapi? Wengi wamefichwa ndani.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, karibu asilimia 80 wako katika nchi maskini na za kipato cha kati, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa sahihi. Asilimia 70! Na dawa ya fenobabitoni ni miongoni mwa dawa za bei nafuu.

Lakini wanabaki wale wengine, ambao dawa hazitoshi. Kijana wa yule mama ni mmoja wao. Hapo ndipo inapoingia habari ya umeme.

*4. UMEME ALIOUUMBA ALLAH NDANI YA FUVU*

Ondoa kwanza wasiwasi: kipimo cha umeme wa ubongo, kile ambacho hospitalini wanakiita EEG, hakimtii mgonjwa umeme. Kinausikiliza ulio ndani yake. Ni kama mtu anayetega sikio ukutani kusikia wanaozungumza chumba cha pili.

Ubongo hufanya kazi kwa ishara ndogo mno za umeme. Zikipimwa juu ya ngozi ya kichwa, nguvu yake ni kama sehemu moja katika 30,000 ya betri moja ya tochi. Mgonjwa anabandikwa vijisahani vidogo vya chuma kichwani, kwa kawaida vipatavyo 20, vyenye nyaya, na mashine inachora mistari. Hakuna sindano, hakuna maumivu, nywele hazinyolewi.

Aliyeanza kuugundua umeme huu kwa wanyama ni Richard Caton wa Liverpool, mwaka 1875, kwa sungura na nyani. Kwa binadamu ni Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani. Kisa chake ni cha ajabu. Akiwa askari kijana alianguka kutoka kwenye farasi, nusura akanyagwe na gurudumu la mzinga. Siku hiyohiyo dada yake, aliyekuwa mbali, akapata hofu kubwa juu yake, na familia ikamtumia simu ya maandishi kumuulizia hali. Berger akaamini kuna nguvu inayotoka ubongo mmoja kwenda mwingine, akatumia miaka mingi kuitafuta kwa siri. Hiyo hakuipata. Lakini mwaka 1924, akimpima kijana aliyekuwa na tundu kwenye fuvu baada ya upasuaji, akaona sindano ya mashine inacheza. Akarudia kwa miaka mitano, hata kichwa cha mwanawe mwenyewe akakipima, ndipo akachapisha mwaka 1929. Wenzake wengi hawakumwamini, mpaka wataalamu wa Cambridge walipothibitisha mwaka 1934.

Mwaka 1935, huko Boston, Marekani, Gibbs, Davis na Lennox wakaonesha kwamba mtoto anayepata kifafa cha kuduwaa, anayeganda kidogo kisha akaendelea na shughuli yake, mistari yake hubadilika ghafla ikawa mawimbi makubwa matatu kwa kila sekunde. Siku hiyo kifafa kikawa na maandishi yake. Tangu hapo daktari akapata njia ya kuona, kwenye karatasi, moto unawaka wapi.

*5. KUTOKA KUKISIA HADI KUONA*

Upasuaji ulitangulia mashine. Tarehe 25 Mei 1886, London, Victor Horsley alimpasua kijana wa miaka 22 aliyevunjika fuvu utotoni kwa kugongwa na gari la farasi, kisha akawa anaanguka mfululizo. Horsley alijuaje pa kukata? Kwa kovu lililoonekana, na kwa mafundisho ya mwenzake Hughlings Jackson, aliyekaa miaka akiangalia kwa makini mtetemeko unaanzia wapi: kidole gumba, mdomo au mguu. Ukianzia mkono wa kulia, chanzo kiko upande wa kushoto wa ubongo. Alilitoa lile kovu la ubongo, na kijana akapata nafuu kubwa.

Lakini wengi hawana kovu la kuonekana. Kwao ilibidi kusubiri Berger.

Huko Montreal, Kanada, Wilder Penfield alifungua taasisi ya ubongo mwaka 1934, na Herbert Jasper akajiunga naye akiwa bingwa wa kusoma umeme. Mgonjwa alipasuliwa akiwa macho, kwa ganzi ya ngozi tu, kwa sababu ubongo wenyewe hausikii maumivu. Jasper akipima umeme juu ya ubongo ulio wazi, Penfield akigusa kidogokidogo kwa umeme hafifu na kumuuliza mgonjwa: unahisi nini? Sema. Hesabu. Mahali pa lugha na mahali pa mkono pakawekewa alama ili pasiguswe. Chicago, mwaka 1951, Bailey na Gibbs wakatangaza upasuaji wa wagonjwa ambao chanzo chao kilitafutwa kwa EEG. Na Paris, kuanzia miaka ya 1950, Talairach na Bancaud wakaingiza nyaya nyembamba ndani kabisa ya ubongo, wakasubiri kifafa kije, waone kinaanzia wapi na kinasambaa vipi.

Na penye kuharakisha palitokea msiba. Mwaka 1953, Marekani, kijana Henry Molaison alitolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili. Kuanguka kulipungua, lakini tangu siku hiyo hadi kufa kwake mwaka 2008 hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya. Anasalimiana na mtu, baada ya dakika chache hamjui. Ndiyo sababu leo hakuna daktari mwenye akili anayekimbilia kisu. Anapima umeme, akiwa na kamera inayomrekodi mgonjwa usiku na mchana, anapiga picha ya MRI, anapima kumbukumbu na lugha. Vyote vikielekeza kidole mahali pamoja, na mahali hapo panaweza kutolewa bila kumvunja mtu, ndipo anapozungumzia upasuaji.

Faida yake je? Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa Kanada wa wagonjwa 80 ambao dawa zilishindwa, kifafa chao kikianzia sehemu ya ubongo iliyo karibu na sikio. Nusu walipangiwa upasuaji, nusu wakaendelea na dawa. Baada ya mwaka, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa na kifafa cha kuwaangusha au kuwapotezea fahamu. Kwa walioendelea na dawa ilikuwa asilimia 8. Na katika hao wa dawa, mmoja alifariki. Kwa hiyo kukaa bila kufanya kitu nako kuna hatari yake, ila hatari hiyo hatuihesabu kwa sababu tumeizoea.

Na msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Nairobi upasuaji wa namna hii umewahi kufanywa. Na Mbale, Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE, madaktari wa huko wakishirikiana na wenzao wa Marekani waliwapima watoto kwa EEG na kamera, wakawachagua wale ambao chanzo kilionekana, wakawapasua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: wengi wa waliopasuliwa waliacha kuanguka. Watoto wa Kiafrika, waliokuwa wamefichwa kama wetu.

*6. KWA NINI KWETU NI WENGI?*

Mama yule aliniambia kijana wake akiwa na miaka mitatu alipata degedege, akalala siku mbili bila fahamu. Nikamuuliza mlifanya nini? Akainama. Walikwenda kwa mganga kwanza.

Neno lenyewe tunalo: degedege. Watu wengi wa pwani na bara yake waliamini ni ndege au kipepeo wa usiku anayempitia mtoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kutoka Bagamoyo ulionesha familia nyingi zikimpeleka mtoto wa degedege kwa mganga kwanza, wengine wakiamini sindano itamuua. Kumbe mara nyingi ni malaria kali imepanda kichwani. Na watafiti wa Kilifi, Kenya, wamefuatilia watoto waliopona malaria ya namna hiyo, wakakuta wana hatari kubwa zaidi ya kupata kifafa baadaye. Yaani kila saa tunayopoteza kwa mganga tunaweza kuwa tunapanda kovu litakalochipua miaka mitano mbele.

Korogwe ina sehemu yake katika habari njema pia. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 watoto wa Korogwe walikuwa miongoni mwa walioshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Akina mama wa hapa walitoa watoto wao, na Afrika nzima inanufaika. Allah awalipe.

Sababu nyingine ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, ajali za bodaboda bila kofia, na minyoo ya tegu wa nguruwe. Na hapo usijidanganye kwamba kwa kuwa huli nguruwe umesalimika. Mayai ya tegu yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo. Yanapita kwenye mikono isiyooshwa, mboga na maji, yakamfika hata asiyeonja nyama hiyo maisha yake yote. Twahara ni kinga ya kweli.

*7. TUFANYE NINI?*

1. Akianguka, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, ondoa moto na vitu vikali. Usimtie kijiko mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, usimnyweshe kitu. Ikipita dakika tano, au akirudia kabla hajazinduka, mkimbize hospitali.

2. Povu haliambukizi. Mshike. Kula naye.

3. Mfunike. Kumbuka lile ombi la yule mwanamke wa Peponi.

4. Ikiwezekana mtu mmoja wa nyumbani amrekodi kwa simu: macho yanaelekea wapi, mkono gani umeanza, imechukua muda gani. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Hughlings Jackson kwa macho. Mwoneshe daktari, basi. Ukiituma kwenye makundi umemfunua yule ambaye Mtume (S.A.W.) aliomba asifunuke.

5. Usikatishe dawa ghafla, hata akipata nafuu, hata Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa katika Qur'an ya kutofunga. Zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama.

6. Kama dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, zikanywewa ipasavyo, zimeshindwa, uliza rufaa. Hospitali kubwa kama Muhimbili wana wataalamu wa ubongo. Uliza kuhusu EEG na MRI. Si kila mtu atafaa kupasuliwa, wengi hawatafaa, lakini hutajua bila kupimwa. Na jueni kwamba EEG ikitoka safi haimaanishi hana kifafa, wala haimaanishi ni jini. Huenda siku ile ubongo ulikuwa umetulia.

7. Msomee Qur'an. Muombee. Ruqya halali na kidonge havigombani. Atakayekwambia utupe kidonge ndipo akusomee, mkimbie, hata akiwa na kilemba kikubwa kuliko changu.

*8. DENI LANGU*

Nimesema nitawaeleza.

Miaka mingi nyuma nilikuwa nafundisha madrasa katika kijiji kimoja upande wa Handeni. Nilikuwa na mwanafunzi wa miaka kumi na moja, mwepisi wa kuhifadhi kuliko wote. Alikuwa anaanguka. Akianguka, wenzake wanakimbia. Kikombe chake hakuna aliyekigusa. Wazazi wakaja kwangu wakasema, Ustadhi, atatuambukizia watoto. Nami nikamwita baba yake nikamwambia akae naye nyumbani mpaka apone. Nilisema kwa upole. Niliona nailinda madrasa.

Msimu wa kulima ulipofika, watu wa nyumbani wakaenda shamba. Akabaki peke yake, akaangukia mafiga. Alipona, lakini vidole vya mkono wa kulia vilishikana. Ndio mkono aliokuwa akiandikia alifu na bee.

Sikumchoma mimi. Lakini mimi ndiye niliyemtoa mahali penye watu nikamrudisha kwenye moto. Nilikwenda kumwomba msamaha akiwa mtu mzima. Akanisamehe kabla sijamaliza sentensi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Akaniuliza jambo moja tu: "Ustadhi, ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui. Na Qur'an ilikuwa imeshaniamrisha niwaulize wenye kujua kama sijui. Sikuuliza. Hiyo ndiyo dhambi yangu.

Jana nilimpigia simu yule mama. Nikamwambia: mama yangu, ninavyoona mimi mwanao anaumwa, na Allah ndiye Mjuzi zaidi. Hicho kipimo hakitii umeme, kinausikiliza. Mpeleke. Kama atafaa kupasuliwa, watakwambia faida na hatari zake, nawe utaswali istikhara ukiwa unajua unachokiombea. Kama hatafaa, watabadilisha dawa, na hutakuwa umepoteza kitu. Nauli ya Dar es Salaam tunaichangia hapa msikitini Ijumaa hii, inshaallah.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Shekhe, basi nimwambie kesho arudi madrasa?"

Nikamwambia: mlete kwangu. Na kikombe cha kwanza cha maji tutakunywa mimi na yeye.

Ewe Allah, waponye wagonjwa wetu, wasitiri, utusamehe tuliowadhulumu kwa ujinga, na utufungulie elimu yenye manufaa. Aamin.

Ukilisoma hadi hapa, mtumie mtu mmoja mwenye mgonjwa ndani. Huenda ndiye anayesubiri kuambiwa.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.